Ndege Iliyorudi Zizini

Nyumbani, nyuma ya soko,
Machakos.
Ramadhani, Septemba 2008.

Aabo yangu mpendwa, Mzee Warfa,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Saumu inakuendeaje huko Garissa? Nasikia jua la mwaka huu halina adabu, na najua wewe ukifunga hutaki kukaa kivulini kama watu wengine. Utakuwa mnadani tangu asubuhi, fimbo begani, unabishana na watu juu ya meno ya ng'ombe. Goti je? Mama anauliza goti. Anauliza pia kama yule kijana wa hoteli anakupikia futari ya maana au anakupa chai na mandazi ya juzi. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mama yuko imara, sauti yake bado inafika msikitini bila kipaza sauti. Mbuzi wote wako salama, hata yule beberu mwekundu aliyekataliwa na kila mnunuzi. Huyo nitamtaja tena hapa chini, na wallahi sijui kama nimshukuru au nimchinje.

Nakuandikia kwa Kiswahili, kama kawaida yetu, kwa sababu Kisomali changu cha karatasi ulikicheka mbele ya wageni na mimi sijasahau. Na nakuandikia barua kwa sababu simu yangu hushiki. Nimempa Abdilatif wa lori akuwekee mkononi mwako, asimwachie mtu wa dukani.

Najua umeambiwa. Machakos hii haiwezi kuona moshi bila kupiga simu. Umeambiwa kwamba ulipogeuza mgongo tu, binti yako Hafso alichukua ile ndege isiyo na rubani akaiweka ndani ya zizi lako, pale pale ulipoapa haitalala. Aabo, ni kweli ndege iko zizini. Lakini si mimi niliyeiweka. Ilikuja yenyewe. Usicheke, na usiikunje karatasi. Nipe nafasi nikueleze, halafu ukasirike ukiwa unajua unakasirikia nini.

Tuanzie kwenye ugomvi wetu, maana sitaki kuurukaruka. Ilikuwa Rajab. Eeddo Maryam alikuwa amepiga simu kutoka ng'ambo ya mpaka, akasema juu ya mji wao kuna kitu kinachozunguka siku nzima, kinavuma kama nzi ndani ya chupa, na hakuna anayejua ni cha nani wala kinamtafuta nani. Akasema watoto hawachezi tena nje. Wewe ulimsikiliza dada yako mpaka mwisho, ukaweka simu chini, ukaniuliza mimi hasa natengeneza nini pale chuoni. Nikakueleza kwa furaha, mjinga mimi. Ukauliza kama ndani yake mna mtu. Nikasema hamna. Ukauliza basi nani anaiambia iangalie wapi. Nikasema inaamua yenyewe, na nilisema kwa majivuno. Ukaweka kikombe chini. Ukasema chombo kisicho na mtu ndani hakina wa kuona haya, na kwamba siku kitakayolala zizini mwako, wewe hutalala nyumba hii. Nikapandisha sauti, nikasema yangu inatafuta mbuzi waliopotea, si watu. Ndipo ukaniuliza swali moja tu: ikikutana na mchungaji, itajuaje kwamba siye inayemtafuta? Sikukujibu. Nilisema wewe unajua ng'ombe, mashine niachie mimi. Kesho yake ukapanda lori la Garissa, na mpaka leo hujarudi.

Hebu sasa nikueleze hicho chombo vizuri, maana siku ile sikukueleza, nilikupigia kelele. Ndege yenyewe ni ya mbao nyepesi na povu gumu. Mabawa yake ni marefu kuliko kitanda chako, na injini yake ni ndogo kama ya mashine ya kukatia nyasi. Hakuna anayeishikia usukani. Ndani ya tumbo mna kompyuta ndogo ya kuenea kiganjani, na programu yake imeandikwa na watu wawili. Ndanu, yule binti wa Kathiani uliyempa maziwa ya ngamia akayasifu huku macho yakimtoka, ndiye aliyeifundisha kuruka: ijishike upepo ukiisukuma, ipande, ishuke, ichague njia. Mimi nimeifundisha kuona. Nimeiwekea kamera inayoona joto, na programu yangu inalichunguza lile joto na kuamua kwamba huyu ni mbuzi, lile ni jiwe lililopigwa na jua, yule ni ng'ombe. Na ikimwona mbuzi mmoja, haipiti tu ikaenda zake. Inajiuliza wenzake wako wapi, kisha inageuka kuwatafuta bila kuambiwa na mtu. Huko kujiuliza ndiko kazi yangu ya miaka yote hii, na mkuu wetu wa utafiti, Daktari Kilonzo, anasema hajaona nyingine kama hiyo. Najisifu, ndiyo. Mdomo huu sikuuokota barabarani, nimeurithi.

Kuna jambo jingine, na ndilo lililozaa kisa chote. Ndege inasikilizana na sisi tulio chini kwa redio. Ikikosa sauti yetu kwa nusu dakika, haipapatiki. Inapanda juu kupita vilima vyote vya huku, inageuka, inarudi nyumbani, inazunguka taratibu na kushuka. Na nyumbani kwake ni pale ilipowashwa siku hiyo, mahali ilipozipata setilaiti kwa mara ya kwanza. Sisi huiwasha uwanjani tunapofanyia kazi, kwa hiyo nyumbani kwake huwa ni miguuni petu.

Siku ya majaribio makubwa ilikuwa katika Shaabani. Wageni walikuja kutoka ng'ambo, watu wa kampuni ya mitambo ya aina hii, ambao Daktari Kilonzo alikuwa amewabembeleza kwa barua pepe mwaka mzima. Wakiridhika, utafiti wetu ungesimama kwa miguu yake. Wasiporidhika, chuo kingetaka kirudishiwe chumba chake tulichofanyia kazi. Tulikuwa tumepanga kwenda moja kwa moja Kyumbi, kule uwandani nyuma ya maduka ya barabara kuu. Lakini Mama akasema hakuna kitu kinachosafiri na binti yake bila kusomewa.

Unamjua mkeo. Lori lako halijawahi kuvuka geti bila moshi wa ubani wa uunsi kuzungushwa kwenye magurudumu na Ayatul Kursiyyu kusomwa juu ya boneti. Akasema kama lori linasomewa na lina dereva, sembuse kitu kisicho na dereva. Nikamkumbusha kwamba umeapa. Akasema uliapa kisilale, hukusema kisipite. Haya, mimi ni nani wa kubishana na hakimu? Pikapu ya chuo ikaingia kwa geti la zizi kwa sababu ndilo geti pana. Mama akaja na chetezo, akaizunguka ndege kichwa mpaka mkia, akasoma, akapuliza. Halafu akauliza kama inasikia.

Ndanu anampenda Mama kupita kiasi. Akaiwasha ili imwamkie. Mkia ukainuka, ukashuka, ukainuka tena, na taa ya kijani ikawaka. Mama akasema imeitikia salamu vizuri kuliko watoto wengine wa nyumba hii, huku akinitazama mimi. Tukacheka wote. Na kwa sababu kamera yangu huchukua muda mrefu kutulia ikishawashwa, tukaona hakuna haja ya kuizima. Tukaifunga vizuri kwenye pikapu ikiwa macho hivyo hivyo, tukaenda zetu Kyumbi. Kosa lilikuwa hapo, Aabo. Taa ya kijani maana yake ilikuwa imeshaona setilaiti. Ilikuwa imeshajiandikia kwamba nyumbani kwake ni zizini kwako.

Mzee Abdalla dalali alikuwa ametangulia na mbuzi. Walikuwa wako, nimwambie ukweli mwenye mali. Akawatawanya vichakani, wengine chini ya migunga, wengine makorongoni, mahali ambapo hata sisi hatukujua. Wageni walikuwa wamekaa chini ya hema na soda zao. Mmoja wao alikuwa mrefu, mkimya, miwani nyeusi, na niliona wenzake wanamtazama kwanza kabla ya kujibu lolote.

Ndege ikapaa. Aabo, laiti ungeiona! Kwenye kioo cha kompyuta vidoa vyeupe vikaanza kutokea, kimoja, halafu kundi, na kila kidoa kikajiwekea alama yenyewe: mbuzi, mbuzi, mbuzi. Kisha ikafanya jambo ambalo hatukuliomba. Ilikuwa imeshamaliza kundi, ikageuka kushoto peke yake, ikaenda kwenye korongo moja la mbali, ikaanza kuzunguka. Nikadhani imeharibika. Abdalla akapiga makofi akalia kwa kicheko. Kumbe alikuwa amemfunga beberu mwekundu kule peke yake, mtego wake mwenyewe, hakuniambia hata mimi. Ndege ilikuwa imejiuliza mwenzao mmoja yuko wapi. Daktari Kilonzo, ambaye kwa kawaida anaongea kama karatasi ya mtihani, alirusha kofia akapaza sauti kwa Kikamba, "Nesa muno!", yaani nzuri sana. Wageni wakasimama. Mimi nililia kidogo, naandika tu kwa sababu uko mbali.

Abdalla akaenda kumleta beberu ili wageni wapige naye picha. Akamfunga kwenye mguu wa meza yetu. Sisi sote tulikuwa tunatazama mbinguni. Yeye beberu alikuwa anatazama waya wa antena yetu, na sijui aliuonaje mtamu, maana alipomaliza ulibaki uzi.

Redio ikanyamaza. Daktari Kilonzo akawaambia wageni wasiwe na wasiwasi, hii ni bahati nzuri, sasa wataiona ikirudi yenyewe mpaka hapa. Ikapanda juu, vizuri kabisa kama ilivyofundishwa. Ikageuka. Ikatuonyesha mkia. Ikashika njia ya Machakos.

Wageni waliendelea kutabasamu wakingoja igeuke. Mimi na Ndanu tulitazamana, nikakumbuka ile taa ya kijani na chetezo cha Mama. Nikampigia Mama simu. Nikamwambia afungue geti, atoe mbuzi waliobaki, aingize watoto wa majirani ndani, ndege inakuja. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza tu inakuja kutoka upande gani.

Njia nzima kutoka Kyumbi Ndanu aliendesha na mimi nikaangalia juu. Nakuambia kweli, sikufikiria wageni wala utafiti wala chuo. Nilifikiria maneno yako tu, kwamba haina wa kuona haya. Kama ingemwangukia mtoto wa mtu, ni nani angemtazama mama yake usoni? Mimi. Ningekwenda mimi kumtazama. Nyuma ya pikapu Abdalla alikuwa amemkumbatia beberu, anasoma kila dua anayoijua.

Tulipofika, watu walikuwa wamejaa kando ya ua wa zizi, kimya, kama wamekuja kuona mtoto mchanga. Hakuna aliyeumia. Ndege ilikuwa imelala juu ya samadi, gurudumu moja limevunjika na ubavu wa bawa umepasuka, na Mama alikuwa ameifunika kwa mtandio wake. Nikamuuliza kwa nini ameifunika. Akasema imetoka safari, imechoka. Akatueleza kwamba ilizunguka juu ya msikiti, ikapunguza sauti, ikazunguka tena kama inabisha hodi, kisha ikashuka katikati ya zizi bila kugusa hata ukuta. Aabo, kilometa zote hizo! Hakuna mtu aliyeishika mkono. Niliogopa na nikajivuna kwa wakati mmoja, na sijui mpaka leo kipi kilikuwa kikubwa.

Hatukuweza kuisogeza bila kuimaliza. Basi ililala. Hiyo ndiyo habari uliyoletewa, na ni ya kweli. Sasa nifike kwenye ile ambayo hujaletewa, kwa sababu waliokuwepo walikuwa wachache na niliwaomba waniachie nikuambie mwenyewe.

Wageni walirudi siku chache baadaye, tukiwa zizini tunagandisha bawa. Walifurahi kuliko walivyofurahi Kyumbi. Yule mrefu alivua miwani, akachuchumaa karibu na kamera yangu, akasema kwa sauti ya upole kabisa kwamba alichokiona siku ile si mbuzi. Aliona chombo kinachompata mwenye joto aliyejificha kichakani, na kinachorudi kwake hata kikikosa amri. Akaniuliza kama kinaweza kumwona mtu anayetembea kwa miguu karibu na mpaka. Kama kinaweza kumfuata asipojua. Kama kikimpata mmoja, kinaweza kujiuliza wenzake wako wapi.

Nilijua jibu kabla hajamaliza. Jibu ni ndiyo, Aabo. Joto la mbuzi na joto la mtu kwa mashine ni joto. Ningebadilisha vitu vichache, kazi ya juma moja. Swali uliloniuliza mezani sikukujibu kwa sababu nilikuwa nalijua jibu lake nikaliogopa. Leo nakujibu: haitajua. Itamjua mchungaji ikifundishwa, na itamsahau ikifundishwa vingine. Ulikuwa na haki, na mimi nilikupigia kelele.

Wakasema watatujengea maabara, watatupeleka mimi na Ndanu kwao tukasome, hatutagandisha tena mabawa kwa gundi ya viatu. Daktari Kilonzo alikuwa anatokwa na jasho, maskini, akinitazama mimi. Programu ya macho ni yangu, bila saini yangu haiendi popote, na yeye alilijua hilo. Nikafikiria maabara, usidhani sikufikiria. Halafu nikamfikiria Eeddo Maryam akianika nguo huku akitazama juu, na kitu kinachovuma juu yake kina macho yangu.

Mama alikuwa amesema biashara haifanywi ndani ya zizi la Warfa bila mtu wa mnadani, kwa hiyo Mzee Abdalla alikuwa amekaa hapo kwa niaba yako, kanzu safi, kitambaa begani. Yule mrefu aliponyoosha mkono wa kukubaliana, Abdalla aliupokea yeye, akatupa kitambaa juu ya mikono yao kama mnadani. Wageni wakacheka, wakadhani ni mchezo wa kienyeji, mmoja akapiga picha. Chini ya kitambaa Abdalla akaminya vidole, yule naye akaminya vyake bila kujua anasema nini. Lakini Abdalla hakuwa anacheka. Alikuwa ananitazama mimi.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinikalisha juu ya ua wa mnada nikiwa mdogo, ukinifundisha? Vidole vinaongea chini ya kitambaa na hakuna anayesikia bei, lakini dalali mwenye akili hatazami kitambaa, anamtazama mwenye mnyama. Kamba ikibaki chini, endelea kuminya. Mwenyewe akiinama akaishika kamba, mnyama anarudi nyumbani, na dalali mwenye heshima haminyi tena hata kidole kimoja. Ndege tulikuwa tumeifunga kwenye nguzo ili upepo usiipindue, na kamba ilikuwa ile ile ya beberu mwekundu.

Nikainama, nikashika kamba.

Abdalla akautoa mkono wake, akakunja kitambaa mara mbili, akasema soko limefungwa na wageni wakaribie chai. Hawakuelewa. Wakamtazama Daktari Kilonzo awatafsirie. Nikawaambia mwenyewe kwa Kiingereza, polepole, kwamba macho haya nimeyafundisha kutafuta mifugo iliyopotea, na kwa kazi ile nyingine hayauzwi, si kwa bei hii wala kwa nyingine. Ndanu akafuta gundi mikononi, akasema mabawa yake hayaendi mahali macho ya Hafso hayaendi. Chai hawakunywa.

Daktari Kilonzo hakunisalimia juma zima, na chuo kikachukua chumba chake kama tulivyojua. Kisha asubuhi moja akaja hapa nyumbani akiwa amebeba gurudumu jipya na kopo la rangi. Akakaa juu ya debe, akasema utotoni alikuwa akiwatafuta ng'ombe wa babu yake kule Masinga mpaka nyayo zikatoa damu, na kwamba alianza utafiti huu kwa ajili ya ng'ombe wale, ila katikati alikuwa amesahau. Akauliza kama kuna pahali pa kuweka kompyuta pasipovuja.

Kwa hiyo Aabo, nikiri na hili lililobaki. Si kulala tu. Tumehamia. Maabara yetu sasa ni zizi lako, upande wa kulia, pale ulipokuwa ukiweka nyasi kavu. Tumepaka chokaa, tumevuta umeme kutoka jikoni kwa Mama, na mbuzi wako wanatutazama tukifanya kazi. Waya wa antena tumeutundika juu, usiulize kwa nini. Wafugaji wa Masinga wametuma ujumbe wanatungoja baada ya Idd, ukame umewatawanyia mifugo vibaya. Tutakwenda, na tutawapata wanyama wao. Hilo sina shaka nalo hata kidogo. Ndege hii inafanya kazi, na itafanya kazi ile tu niliyoipa, maadamu kamba iko mkononi mwangu.

Lakini zizi ni lako na kiapo ni chako. Ukisema itoke, itatoka siku hiyo hiyo, wala sitapandisha sauti. Ila neno hilo silipokei kwa simu wala kwa Abdilatif. Uje uniambie ukiwa umesimama hapo zizini, ukiiangalia.

Mama anakusalimu sana, anasema kiapo kilikuwa chako lakini kitanda ni chenu wawili. Mzee Abdalla anakusalimu na anasema kwamba tangu siku ile anasimulia mnadani jinsi binti ya Warfa alivyoshika kamba, na kila akisimulia wageni wanaongezeka. Ndanu anakusalimu, ila maziwa ya ngamia anasema asante, ameshiba. Beberu mwekundu tumemwachia hukumu yako siku ya Idd.

Na jambo la mwisho, nikuache ukafuturu. Tangu tuhamie, ndege tunaiwasha hapa kila asubuhi, na kila asubuhi inajiandikia upya kwamba nyumbani ni kwako. Ikikosa sauti yetu kwa nusu dakika, inageuka na kurudi. Wewe umeikosa yetu tangu Rajab, Aabo. Geti la zizi Mama hajalifunga. Rudi.

Ni mimi binti yako,
Hafso Warfa.